Usiuchote, Ufagie

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumatatu, 15 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi tu wazima, isipokuwa mgongo wa Baba, ambao siku hizi una kiburi kumzidi mwenyewe. Wewe hujambo? Na wifi, kikohozi kimemwacha? Nimewakumbuka mno.

Nina habari, kaa kitako kwanza. Juzi nilicheza gofu na Baba katika shindano la wawili wawili. Ndiyo, mimi, mpishi wa hospitali, niliyeshika fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Tangu ulipoondoka, Baba alikosa mwenza. Unajua katika mchezo ule wawili hupokezana mpira mmoja, na pigo lake la kwanza sasa haliendi mbali, basi wenzake wakawa wanamkwepa kwa adabu. Akasema akikosa mtu safari hii, anaacha gofu kabisa. Nikamwambia mtu ni mimi. Alinitazama kama aliyetiliwa chumvi kwenye chai.

Pigo la pili likawa langu, kwa ile fimbo ndefu inayoitwa ya mbao ingawa kichwa chake ni chuma kitupu. Kaka, ilinitoa jasho. Nilikuwa nikiichomeka chini ya mpira ili niunyanyue, nao unabiringika tu kama ndimu iliyotoka kapuni. Baba akacheka.

"Mwanangu, hiyo si supu. Usiuchote, ufagie. Kunyanyua ni kazi ya fimbo."

Tukaanza upya. Mpira nikausogeza mbele, karibu na kisigino cha kushoto, nikaacha papara ya mikono, fimbo ikapita chini chini ikigusa majani. Jioni nilijizoeza koridoni kwa ufagio, mpaka jirani akauliza kama tunahama.

Siku yenyewe, shimo la mwisho, pigo la Baba liliishia kabla ya bwawa. Wale waliomkwepa walikuwa pembeni wanatazama. Baba akaninong'oneza, "Tuupitishe kando, mama. Si aibu." Nikachukua ya mbao, nikafagia. Mpira ukavuka bwawa lote, ukatua karibu na bendera.

Hatukushinda, tulikuwa wa nne. Lakini kifua kimenijaa hata aproni haifungi, na sitaki kujifanya mnyenyekevu.

Tukashika njia ya nyumbani. Tulipofika kwa fundi viatu Baba akaniambia nisimamishe gari. Akavua viatu vyake vya gofu, soli zimeachia, akampa avishone. Fundi akamuuliza anavihitaji lini.

"Jumamosi," akasema. "Mimi na mwenzangu tuna mazoezi." Akarudi garini na soksi tu.

Nisalimie wifi, Kibonge na yule mdogo wake mtundu. Baba naye anakusalimu, na anasema ukija likizo utafute mtu mwingine wa kucheza naye.

Mola awalinde, awape afya na riziki.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinuna.