Chupa Arobaini za Mama Mwadi

Jumatatu, 20 Januari 1975
Etiketi kumi na mbili leo baada ya kazi, halafu kidole kikagoma. Bado ishirini na nane. Nakata karatasi, naandika kwa wino wa zambarau wa shule, nitabandika kwenye chupa kwa uji wa unga wa muhogo. Mstari wa juu: MVINYO YA MASUKU. Chini yake, herufi kubwa: MAMA MWADI. Mdogo wangu Mujinga anasema herufi zangu zinayumba kama walevi. Bibi harusi gani huyu. Hashiki hata mkasi, anakaa tu kukosoa.

Harusi yake ni tarehe 15 Februari. Mama alimwahidi mvinyo wa masuku, yale matunda ya msituni, tangu akiwa mtoto. Mama akatutoka Aprili iliyopita. Masuku yalipoingia sokoni Novemba, baba alikwenda peke yake, akanunua vikapu vinne, akayaponda mwenyewe, akajaza madamajani, yale machupa makubwa, na kuyapanga kando ya kitanda chake. Mtu ambaye hajawahi kuchemsha yai! Hatukuthubutu kucheka. Mimi nilicheka, lakini jikoni.

Jumatano, 22 Januari
Nimefanya jaribio. Siku ya harusi chupa zitakaa ndani ya nusu pipa la maji na barafu, basi nimezamisha moja kwenye beseni. Baba alikuwa amesimama hapo. Zambarau ikaanza kushuka. Kwanza mvinyo, kisha masuku, kisha jina la mama. Baba alitazama mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Akachukua beseni, akamwaga maji chini ya mpapai, taratibu. Bukari yake, ugali wa jioni, hakuigusa.

Nina hasira. Na wino, na mimi mwenyewe. Amempoteza mara moja, nami nimemfutia tena mbele ya macho yake. Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye: siku ya harusi jina hilo halitafutika. Basi.

Ijumaa, 24 Januari
Nimesugua mshumaa juu ya maandishi. Wino umebaki. Karatasi yenyewe ndiyo imebanduka, maana uji wa muhogo unayeyuka majini. Etiketi ikaelea kwenye beseni, mama akizungukazunguka juu ya maji. Mujinga alicheka mpaka akakaa chini. Mshumaa nimeutupa uani.

Jumatatu, 27 Januari
Masere, mtawa mkuu wa shule yetu, amenikubalia kutumia roneo, mashine ya kunakilia karatasi, baada ya saa za kazi. Miaka sita napiga taipu ofisini kwake, sikuwa nimewahi kumwomba kitu. Wino wa roneo ni wa mafuta, maji hayauwezi. Nimechora stensili kwa sindano, nikazungusha mkono wa mashine, herufi zikatoka nyeusi na zimesimama wima. Masere akasoma moja. Hakuuliza ni ya nini. Ameomba chupa.

Nina furaha leo. Vidole vyeusi, lakini furaha.

Jumanne, 28 Januari
Mjinga ni mimi.

Fundi seremala wa barabara ya pili alinipa vernis kidogo, ile ya kung'arishia kabati. Nilitaka kufunika etiketi ili hata mkono uliolowa usizichafue. Nikapaka hapo hapo, maana sikuzaliwa na subira. Brashi ikabeba wino wote. Mwadi akawa wingu jeusi. Tisa zimeharibika kabla sijasimama. Nililia kwa ajili ya karatasi, mwanamke mzima wa miaka thelathini na moja.

Baba akaja nyuma yangu. Akaokota moja, akainusa.

"Uliharakisha. Rangi ikauke kwanza. Siku tatu, ine kama mvua iko nanyesha. Halafu njo unaweka vernis."

Nikamuuliza anajuaje.

"Njo kazi yangu ilikuwa."

Naona aibu kuandika hili. Siku zote nilidhani baba alikuwa akibeba mawe tu mgodini. Kumbe mashine zilikuwa zikitoboa ardhi na kutoa mawe marefu kama fimbo, yanapangwa kwenye masanduku, na baba ndiye aliyeandika kila sanduku: jiwe limetoka shimo gani, kina gani. Masanduku yalikaa nje, kwenye mgodi wa Musonoi, mvua miaka na miaka. Maandishi yakifutika, jiwe linakuwa jiwe tu, na kazi yote ya kulitafuta imepotea bure. Miaka ishirini na sita alifanya hivyo, na sisi watoto tulimuuliza tu ameleta mkate.

Jumamosi, 1 Februari
Chupa. Tunazo zile mbili tatu tu za majaribio, na mjini ni adimu. Mama Feza, jirani yetu, ametuazima arobaini. Anauza mafuta ya mawese sokoni; mume wake ana lori la kwenda Fungurume. Watu wa Maniema, Waislamu, pombe haivuki mlango wao. Lakini yeye na mama walipashana habari juu ya ule ukuta wa matofali miaka mingi hata umeingia ndani pale walipokuwa wanaegemea.

"Pombe ni yenu, chupa ni yangu," amesema. "Munirudishie safi. Mutu asinuse kitu."

Tumeziosha kwa majivu na maji ya moto kutwa nzima. Mafuta ya mawese ni makaidi kama shangazi zangu.

Jumatano, 5 Februari
Mvua. Etiketi zimeanikwa kwenye kamba kutoka dirishani hadi kabatini, tunapita tumeinama. Baba anazigeuza moja moja. Haturuhusiwi kugusa. Anapiga mluzi. Bukari anamaliza, anaomba tena.

Jumamosi, 8 Februari
Tumebandika. Uji wa muhogo baba ameukataa, anasema hicho ni chakula. Vernis chini ya karatasi, vernis juu, na inapita ukingo mpaka kwenye kioo. "Maji isipate mulango." Mimi nilishika chupa, yeye alishika brashi. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

Jana tuliacha moja ya majaribio kwenye beseni tangu asubuhi. Leo baba ameisugua kwa kidole gumba, akaiweka chini ya mchirizi wa paa, mvua ikaipiga. Mama Mwadi yuko palepale. Baba akacheka. Sijausikia mcheko ule tangu Aprili. Nampenda huyu mzee, na sijui nitamwambiaje.

Jumapili, 16 Februari
Imekwisha. Mujinga ni mke wa Kapend, miguu yangu haifai kitu.

Wakwe walifika kutoka Musumba kwa lori, siku tano njiani, matope mpaka kofia. Tukatoa chupa kwenye nusu pipa, maji yakichuruzika, jina jeusi, safi. Baba mdogo wa Kapend alikunywa, akasoma, akasimama na glasi yake. Akaomba aonyeshwe Mama Mwadi ni yupi kati ya akina mama wale, apate kumshukuru. Hakujua. Mujinga akanishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Baba akainua chupa. "Njo ye anabapokea," akasema, kama anayetambulisha mwenyeji.

Akapigiwa vigelegele mama yangu.

Jumatatu, 17 Februari
Tumejaribu maji ya moto: hakuna. Majivu: hakuna. Mchanga: hakuna. Etiketi hazitoki!

Nilicheka tena jikoni. Halafu nikaacha, kwa sababu nilimkumbuka Mama Feza. Chupa arobaini za mwanamke wa Kiislamu zimeandikwa MVINYO. Nani atanunua mafuta yake? Mume wake atasema nini? Na chupa nyingine hatuna pa kuzipata. Baba anazikwaruza kwa ukucha, uso umemshuka. Kazi yake yote ilikuwa maandishi yasitoke. Hakuna aliyewahi kumwomba yatoke.

Jumatano, 19 Februari
Nimempelekea Mama Feza chupa zake kwenye vikapu. Alisoma kwa kidole, polepole, mstari wa juu.

"Munaniletea pombe na jina yake?"

Nikaomba msamaha. Kidole kikashuka mstari wa pili, kikakaa hapo. "Biache," akasema. Akaingiza vikapu, akafunga mlango.

Ijumaa, 21 Februari
Siku mbili hakuna salamu ukutani. Baba ameacha tena bukari. Nimewaharibia wote wawili, na urafiki wa mama juu yake.

Jumamosi, 22 Februari
Nilikwenda sokoni asubuhi, nikapita mbali na meza yake. Halafu nikaona si utu, nikarudi.

Chupa zilikuwa zimepangwa, nyekundu kwa mafuta. Mstari wa juu haukuwapo. Alikuwa ameukwangua kwa wembe, chupa kwa chupa, zote arobaini, mpaka kioo kikaonekana. Mstari wa chini hakuugusa hata kwa ncha. MAMA MWADI, MAMA MWADI, MAMA MWADI, meza nzima. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Pombe njo sitaki," akasema. "Huyu alikuwa rafiki yangu."

Mwanamke mmoja akanipita, akanyoosha mkono. "Mama, unipe moya ya Mama Mwadi." Akapewa, akaitia kikapuni, akaenda zake. Mama naye hakujua kukaa nyumbani.

Nimenunua moja. Jioni tumekula maharage, baba ameisimamisha chupa katikati ya meza. Amesema mafuta yakiisha niirudishe upesi, watu wataihitaji.