Chumba cha Mama Myrtle Beach

Beckley, West Virginia
Tarehe 12 Oktoba

Kwa Kaka Duane,

Nakusalimu wewe, Renae na watoto. Natumai hamjambo huko Charlotte, na kwamba mgongo uliokuwa ukiulalamikia siku ya mazishi umepona, ingawa haukukuzuia kusimama robo saa nzima ukinisema mbele za watu. Sisi huku tu wazima. Mafua ya shemeji yako Curtis yamekwisha na amerudi kazini. Mimi nakula, nalala, na kila asubuhi nawapikia watoto wa shule kama kawaida, kwa hiyo usiendelee kumwambia Shangazi Verlene kwamba nimedhoofika kwa huzuni. Nina hasira tu, na hasira haijawahi kunipunguza uzito.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe huongea, nami hungoja zamu yangu mpaka unaaga. Karatasi haikatizwi. Keti chini uisome yote, usimpe Renae akusomee.

Nianze na ule ukumbi wa kanisa. Watu walikuwa bado na sahani mikononi, wengine hawajamaliza maharage yao, ukainuka kushukuru waliokuja kumzika Mama. Ungeishia hapo ningekusifu. Lakini ukaendelea. Ukasema Mama amekufa bila kuiona bahari tena kwa sababu binti yake alimwamini mtu wa mtandaoni. Ukauliza ni mtu gani mwenye akili timamu anakodi pointi za likizo za mtu asiyemjua, hali kaka yake anazo za kwake. Ukacheka kidogo, kile kicheko chako cha puani. Kisha ukamgeukia mwenye pointi zile: mtu anayeweza kumnyima bibi kizee mwenye nyonga iliyovunjika siku nyingine ya kwenda ufukweni, ukasema, huyo hakuzaliwa na mama, ni mbwa. Watu waliitikia. Mzee Harless aligonga meza. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la saladi ya viazi, na sijui hata sasa jinsi nilivyojizuia lisikufikie kichwani.

Sasa na mimi niseme, na nitasema kwa mpangilio, maana umekaa mbali miaka mingi na mengi umeyasikia nusunusu.

Unajua wiki aliyoitaka Mama. Hakutaka Septemba wala Mei. Alitaka wiki ya likizo ya wachimba makaa, ile ya mwisho wa Juni kuingia Julai, ambayo migodi ilikuwa ikifungwa na kaunti nzima ikihamia Myrtle Beach. Baba alitupeleka kila mwaka mpaka mapafu yalipomshinda. Nilimwambia Mama kwamba siku hizi migodi yenyewe imebaki michache na ile likizo karibu imesahaulika. Akanijibu kwamba hata wakienda watu watano, hao watano watakuwa wa kwao, na hataki kukaa ufukweni na watu ambao hawajui mumewe Hobart Lilly alikuwa nani. Huyo ndiye Mama. Kichwa kigumu kilichokuzaa wewe na mimi.

Na wewe pointi unazo, kaka, hilo nani asiyelijua? Mlikwenda kula kifungua kinywa cha bure kwenye ile hoteli kubwa, mkaahidiwa tiketi mbili za kwenda kuona maonyesho ya maharamia, mkaingia saa tatu asubuhi na kutoka alasiri mmesaini mkataba wa maisha: mnalipa kila mwaka, hoteli inawapa pointi, na pointi mnazibadilisha kwa wiki ya chumba. Siku hiyohiyo ulimpigia Mama ukamwambia kwamba sasa ana nyumba baharini, achague wiki tu. Alichagua. Alichagua mara saba, miaka saba. Mwaka mmoja pointi zilikuwa hazitoshi, mwaka mwingine Renae alikuwa amezitumia na dada zake, mwaka mwingine vyumba vilijaa kwa sababu ulikumbuka wakati watu wote walikwisha kuchukua. Mwaka huu ulisema zimekwisha, basi, bila kueleza. Mama akasema Duane ana mambo mengi. Alikutetea kila mara. Sikumbuki kama mimi nimewahi kutetewa hivyo, hata siku niliyopata talaka ya kwanza.

Ndipo nikaenda kwa huyo wakala wa mtandaoni. Hakuwa tapeli, na hili nataka ulielewe vizuri kabla hujalitangaza tena kanisani. Anaitwa Tolliver, na kazi yake ni kuwatafutia wapangaji watu wenye pointi wasizozitumia. Mwenye pointi anamwachia ufunguo wa akaunti yake, wakala anachukua chumba kwa jina la mpangaji, na mwenye pointi anakaa kwake akisubiri hundi. Tolliver alinieleza hatari zote taratibu. Alisema nikilipa nimelipa. Alisema chumba kitakuwa na jina langu, lakini mwenye kauli ni mwenye pointi: mimi siwezi kukihamisha tarehe, siwezi kukifuta, na hoteli haitanisikiliza hata nikilia pale mapokezi. Mipango yangu ikibadilika, hasara ni yangu. Nikamuuliza mipango ya mama wa miaka themanini na moja itabadilikaje, anakwenda wapi zaidi ya kanisani? Nikalipa. Zilikuwa pesa zote nilizoweka kando tangu Krismasi ya mwaka juzi, na nililipa huku nikiimba.

Ungemwona Mama mwezi wa Aprili. Alinunua kofia. Alimtangazia kila aliyepita barabarani kwamba ana chumba ghorofa ya sita chenye kibaraza kinachotazama maji, na kwamba atakunywa kahawa yake pale kila asubuhi bila kumpikia mtu yeyote. Jumamosi ya tarehe kumi na saba Mei alipanda ngazi za banda kushusha kiti cha Baba cha ufukweni, akitaka kuona kama kitambaa hakijaoza. Akaanguka. Daktari akasema nyonga, akasema upasuaji, akasema asahau safari yoyote kabla ya Agosti.

Nilimpigia Tolliver kutoka palepale hospitalini. Alinipa pole ya kweli. Akasema Agosti hakuna tabu, watoto wamerudi shule, vyumba viko tele kwenye hoteli ileile. Ila mwenye pointi ndiye wa kuhamisha, na lazima afanye hivyo kabla ya tarehe ishirini na tisa Mei. Ikipita siku hiyo, zile pointi zinaungua, hata yeye mwenyewe hawezi kuziokoa. Zilibaki siku kumi na mbili. Akaahidi kumwandikia mwenye pointi, amweleze kuna mama mzee amevunjika nyonga, amwombe ubinadamu.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Tolliver alinitumia lilivyo, nami ninalo hapa mbele yangu. Linasema hivi: “Mpe pole huyo bibi, lakini mimi sibadilishi tarehe. Nikimbadilishia mmoja, kesho watakuja kumi na hadithi za magonjwa. Alisaini, hasara ni yake.”

Ndiyo maneno hayo uliyoyalaani pale ukumbini. Mbwa, ulisema. Hakuzaliwa na mama.

Sasa chukua ile karatasi niliyoikunja ndani ya bahasha hii. Ni uthibitisho wa chumba, kama nilivyotumiwa mwezi wa Aprili. Pale juu kuna jina la mpangaji, Twyla Meadows, ambaye ni mimi. Tazama mstari wa chini yake, palipoandikwa jina la mwanachama, yaani mwenye pointi.

Duane R. Lilly, wa Charlotte.

Pointi zilikuwa zako, kaka. Zile zilizokwisha. Hukuzimaliza, ulizikodisha, na mtu aliyezikodi ni dada yako, kwa ajili ya mama yako, kwa pesa za jikoni mwa shule. Hukujua, najua hukujua, kwa sababu hukuwahi kuuliza nani anakwenda kulala kwenye kitanda kile. Ulichokiuliza ni hundi itafika lini. Na alipoletwa mbele yako bibi asiye na jina aliyevunjika nyonga, ulimjibu kama ulivyomjibu, ukamsahau.

Ningeweza kumaliza barua hapa. Nimeiandika mara mbili ikaishia hapa, na mara zote mbili niliibandika stempu. Curtis ndiye aliyeniuliza kwa nini basi haijafika posta. Haikufika kwa sababu ni nusu ya kisa, na ile nusu nyingine ni yangu.

Nilijua, Duane. Nilijua tangu siku uthibitisho ulipofika. Nilisoma jina lako nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikaikunja karatasi nikaitia ndani ya droo. Sikumwambia Mama wala Curtis. Niliipangia siku yake. Tarehe nne Julai mngekuja nyote kula pale hotelini, wewe na Renae, Shangazi Verlene, wajomba. Ningengoja ukae, ungoje kusifiwa kwa ajili ya nyama uliyochoma, kisha ningeiweka karatasi mezani mbele ya kila mtu. Mwezi mzima na zaidi nilikuwa nayo furaha hiyo. Niliona uso wako mara nyingi mno kichwani mwangu.

Kisha Mama akaanguka, na zikabaki zile siku kumi na mbili, na jibu lako lilipokuja zilikuwa zimebaki tisa. Ilihitajika simu moja tu. “Duane, huyo bibi ni Mama.” Hayo tu. Wewe ni mchoyo na una maneno, lakini nakujua, ungehamisha tarehe kabla sijamaliza sentensi. Na hapo ndipo lilipokuwa tatizo langu. Ungehamisha, ungempeleka wewe mwenyewe kwa gari lako, ungemletea kahawa kibarazani, na mpaka leo ingesimuliwa jinsi Duane alivyomwokolea mama yake likizo. Karatasi yangu isingekuwa na maana tena. Niliushika mkono wa simu mara ngapi, sijui. Tarehe ishirini na nane nilikaa nayo mapajani mpaka chakula cha jioni kikaungua. Sikupiga. Pointi zikaungua nazo, na chumba cha ghorofa ya sita kikakaa kitupu wiki nzima ya wachimba makaa.

Mwisho wa Agosti Mama alikuwa akitembea na fremu yake ya kujishikilia mpaka kanisani. Daktari alisema anaweza kukaa garini kwa muda wa saa sita akipumzishwa njiani. Angefika, kaka. Naliandika hili ili lisibaki kichwani mwangu peke yangu.

Bado sijamaliza. Nimezunguka karatasi tatu nikilikwepa hili.

Siku ile ya tarehe ishirini na tano Mei, akiwa bado hospitali, Mama alinishika mkono akaniambia: “Twyla, mpigie kaka yako. Ana zile pointi zake, hatanikatalia, mimi mgonjwa.” Nikatoka hadi kwenye korido, nikasimama karibu na mashine ya soda dakika tano, nikarudi. Nikamwambia nimekupigia. Nikamwambia umekataa. Nilijitetea moyoni kwamba si uongo, kwani maneno ya kukataa yalikuwa yako na ninayo kwa maandishi. Ulikuwa uongo. Mama alisema tu niongeze sauti ya televisheni. Tangu siku hiyo hakukutetea tena, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Unakumbuka ulivyokuja Jumapili ile kabla hajafa. Uliketi kitandani pake, akakuuliza kama una mambo mengi kazini. Ukasema kiasi. Akauliza tena, maneno yaleyale, akikutazama. Ulinifuata jikoni ukaniambia akili ya Mama imeanza kupotea, anarudia maswali. Nikakubali, nikasema ni dawa. Hazikuwa dawa. Alikuwa na akili zake zote. Alikuwa anakufungulia mlango umwombe radhi kwa jambo ambalo hukulitenda, na wewe ukamwambia kazini si kubaya, ukambusu, ukaondoka. Alikufa Jumanne akiamini kwamba mwanawe alimkatalia.

Msalimie Renae. Msalimie Shangazi Verlene ukimwona, na barua hii msomee au usimsomee, hiari ni yako. Simama nayo kanisani ukipenda, nami nitakaa mstari wa mbele. Sikuombi msamaha leo, kwa sababu bado nakuchukia kidogo na ungeonekana wa kulazimishwa. Mvua imeanza huku na Curtis ananingoja twende kaburini kupanda yale maua uliyoacha kwenye ndoo.

Ni mimi dadako,
Twyla