Maoni Yangu kwa Penseli

Arua, Jumamosi

Leo saa tisa mchana nimepoteza kuitwa mama, baada ya miaka kumi na tisa.

Kikundi chetu cha wasomaji hununua nakala moja tu ya kila kitabu. Tuko tisa, kinapita mkono kwa mkono, na kila mtu anaandika maoni yake pembeni. Kitabu cha majini na kile cha dini, tulivyosoma kabla ya hiki, havikunidhuru. Hiki cha mtoto wa kulea nilikisoma wa nne, nikaandika: "Hata mimi sijamwambia Zaituni." Nikasahau kwamba wa tano ni Zaituni mwenyewe, binti yangu. Mimi, nisiyekosea hesabu dukani.

Leo aliusoma mstari wangu mbele ya wote, akanigeukia. "Madamu, mimi iko mutoto ya nani?"

Mwenzetu mmoja akacheka, akidhani ni utani.

Nikamwambia: wa kule Lobule, upande wa Koboko; mama yako alifariki ukiwa na siku kumi na moja. Akatoka, akapanda gari la Koboko.

Nilimlea peke yangu kwa kuuza maharagwe. Huko Lobule hakuna aliyeleta hata sabuni. Lakini kumwambia ilikuwa kazi yangu, na...

Nimemtumia ujumbe: Kesho kabla ya saa sita mchana nijibu. Mimi ni mama yako, ndiyo au hapana?