Shikamoo ya Masanja

Jumatano, Kirumba

Kumbe hata kijiko cha uji kinaweza kumshinda kijana wa miaka ishirini na mbili. Mwanangu Masanja alikuwa anatetemeka kwa kukosa pombe, uji unamwagikia kifuani.

Mama Neema, jirani yangu, akaniambia, "Mpe gongo kidogo, atatulia." Nikamfokea. Kama vile ni dawa ya kikohozi!

Halafu nikajifunga kanga, nikaenda kuinunua hiyo gongo. Mimi, mlezi wa vijana kanisani.

Akanywa. Mikono ikatulia kweli. Akaniangalia, akasema taratibu, "Shikamoo, mama."

Tangu pombe imchukue alikuwa hajaniamkia hata mara moja. Nikaitikia marahaba huku machozi yananitoka. Najua ile gongo inamuua.

Na kesho nitamnunulia tena, ili aniamkie.