Bwana Mpya Pale Mtoni

Industrial Area, Doha

Kwako Mama Mutheu, mke wangu,

Hamjambo huko Kitui? Mutheu ameacha kukohoa? Na goti la mama linasemaje? Mimi mwili uko salama. Moyo ndio mgonjwa, na wewe ndiwe uliyeutia ugonjwa, kwa hivyo kaa chini usome. Naandika kwa kalamu, nitapiga picha nikutumie, simu isije ikanibadilishia maneno.

Jumatatu nilikuwa na lori langu kwenye foleni ya kujaza maji ya kupeleka kambini, meseji yako ikaingia: "Tumepata bwana mpya hapa mtoni. Kimanzi amenisaidia sana, siku hizi siteseki tena."

Bwana mpya! Wallahi nilisahau hata breki iko wapi. Dereva wa nyuma akapiga honi, "Yalla, yalla!" Jioni sikula. Nikamwonyesha Wafula, anayelala kitanda cha juu yangu. Akasoma mara mbili. "Pole, ndugu yangu," akasema. "Hata hajaficha."

Siku mbili sikukujibu. Ulipotuma picha ya ukuta wa mawe uliokata mto wetu, ndipo nikaelewa ulitaka kuandika bwawa. Wafula alicheka hadi akashika mbavu. Mimi sikucheka, maana jina la Kimanzi simu haikulikosea.

Si ni huyu huyu aliyekuwa akikubebea mtungi mkitoka kwaya, kabla sijatokea mimi? Mwaka niliokuja huku, yeye alienda Namibia kujenga mabwawa. Sasa amerudi, na wewe unanieleza kurasa nzima: ati kule jua linamaliza maji ya mabwawa makubwa, ndiyo maana alijifunza kuyaficha mchangani, mvua inajaza mchanga nyuma ya ukuta, mnachimba kidogo tu mnachota. Lini uliniandikia kurasa nzima juu ya kazi yangu? Na ile picha nimeikuza mpaka ikawa madoa. Wanawake wote wako na mawe kichwani, wewe peke yako uko karibu naye, tena umejifunga leso niliyokutumia mimi!

Sawa, nasema wazi: nina wivu. Nina wivu na Kimanzi, nina wivu hata na mawe uliyompokeza. Kila siku nashusha maji kwa watu nisiowajua, na mke wangu ameletewa maji na mwanamume mwingine. Kisima nilikuahidi mimi. Miaka minne nakuambia ngoja, na yeye amekuja tu akajenga bwawa. Kazi yake ni safi, nakubali, roho ikiniuma.

Msalimie mama, umwambie asiache dawa. Msalimie dada yako Mwende na mchungaji wetu. Kimanzi usimsalimie. Haya, msalimie, lakini ukiwa mbali.

Kuna jambo moja. Mkataba wangu unaisha, na Alhamisi ya wiki ijayo msimamizi anataka jibu: naongeza miaka miwili au narudi nyumbani. Nilikuja huku kwa sababu ya maji, Mama Mutheu, na sasa maji mnayo. Nipigie kabla ya Alhamisi, nisikie kwa sauti yako: mimi bado unanihitaji kwa nini?

Ni mimi mumeo,
Baba Mutheu