Namba za Rangi Nyeupe

Bungoma,
Jumapili, 9 Januari 1955

Mpendwa ndugu yangu Walubengo,

Mulembe. Nakusalimu wewe na mke wako Lenah katika jina la Bwana aliyetuvusha mwaka. Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu linalonikumbusha umri kila ninapopiga magoti kuomba. Shemeji yako Baba Nekesa bado yuko na gengi ya reli, anakusalimu. Je, kikohozi chako cha vumbi la magunia kimepoa?

Nina jambo zito. Wazee wa ukoo walikaa Mabanga Alhamisi, na liguru, mkuu wa kijiji, alikuwepo. Wepukhulu, mtoto wa baba mdogo, anataka shamba la marehemu baba. Alisema mbele ya watu wote, "Miaka minane shamba linafuga panya. Walubengo ni mzungu wa Kitale siku hizi, analima magunia." Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Wazee wamekupa mpaka Jumamosi ya tarehe 19 Machi. Ukija ukachimba na kupanda kwa mkono wako mwenyewe, shamba ni lako. Usipokuja, Wepukhulu atapanda lusiola kwenye mipaka, na unajua kwetu mti huo ukishapandwa mbele ya wazee hakuna wa kuung'oa. Mimi ni binti aliyeolewa, jembe langu pale halihesabiwi. Ni wewe tu.

Dada yako,
Rispah

*

Kitale,
23 Januari 1955

Kwa dada yangu Rispah,

Salamu nimezipokea na zimenifurahisha. Kikohozi kipo, lakini si cha kunilaza. Lenah anauliza kama ulipata ile chai.

Dada, sikujibu mapema kwa sababu hapa tulikuwa katika hofu. Bwana Miwani, mwenye kiwanda chetu cha magunia, alitangaza kabla ya Krismasi kwamba atahamia Jinja. Ati huko umeme wa maji ni rahisi, na hapa kodi inamla. Tulikuwa watu mia mbili hatujui tutakula nini.

Lakini Mungu ametusikia! Juzi alikuja mkubwa mmoja kutoka Nairobi, tukakusanywa uwanjani. Akasoma karatasi: serikali imemsamehe Bwana Miwani kodi miaka mitatu, na ushuru wa mashine pia, ili kazi zetu zisiondoke Kitale. Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma.

Kipruto tu ndiye hakupiga. Ni fundi wa mitambo, mtu wa mlimani, mdomo wake hauna kufuli. Akaninong'oneza, "Mtu anakwambia anahama, wewe unampunguzia gharama. Si umempa nauli?" Nikamwambia nyamaza bana, utatuletea mkosi.

Sasa nikiomba ruhusa mwezi wa Machi, wakati kiwanda kimepona, nitaonekana mtu asiye na shukrani. Na shamba lile ni ekari mbili. Waambie wazee wangoje mpaka Agosti.

Ndugu yako,
Walubengo

*

Bungoma,
6 Februari 1955

Mpendwa ndugu yangu,

Amani iwe nyumbani mwako. Chai ilifika, tunakunywa Jumapili tu. Goti ni lile lile.

Nilikwenda Mabanga kwa miguu kuwaomba wazee. Wamekataa. Liguru alisema, "Mvua haingoji Agosti." Wepukhulu ameshaweka miche ya lusiola kivulini, naye huimwagilia kila jioni. Niliihesabu ikiwa minane. Aliniona nikihesabu, akaniambia, "Dada, usijali, nitakuachia njia ya kupita."

Hiyo habari ya kodi nimeiwaza sana, hata kanisani. Mwaka juzi Baba Nekesa alikamatwa sokoni kwa kukosa stakabadhi ya kodi ya kichwa. Hakuna aliyemwuliza kama yeye atahama! Lakini nisinung'unike. Nataka kukuuliza jambo moja tu, maana wewe ulisikia kwa masikio yako. Ile karatasi ilisema huyo bwana ameahidi kubaki? Ameweka sahihi?

Nijibu upesi.

Dada yako,
Rispah

*

Kitale,
20 Februari 1955

Kwa dada yangu,

Sisi hatujambo kwa neema. Lenah ana homa kidogo, imeanza kushuka.

Umeniuliza kuhusu sahihi. Nakumbuka vizuri, karatasi ilisema, "Serikali inatumaini kiwanda kitabaki." Mimi nimeridhika. Serikali ikitumaini, nani atakataa?

Na sasa sikia, ufurahi. Bwana Miwani aliuliza ni nani ana mwandiko mzuri, wote wakanielekezea kidole. Nimepewa brashi na debe la rangi nyeupe. Wiki mbili sasa naandika namba kwenye kila mashine: mguu wake, gurudumu lake, mkono wake, kila kipande namba yake. Ati serikali inataka kujua mali yote iliyosamehewa kodi. Nimefika mia nne na kumi. Karani mwenyewe alisimama akatazama, akasema, "Walubengo, ungekuwa mwalimu." Pia tumepaka grisi bolti zote, hata zile zilizokuwa na kutu tangu vita. Mtu anayetunza bolti namna hii ataondoka kweli?

Kipruto ameacha kazi. Amekwenda kupanda viazi kwao. Alipoona namba zangu alizitazama kwa muda mrefu bila kufanya mzaha, akanishika mkono kama mtu anayetoa pole. Mimi nadhani ni wivu.

Wepukhulu mwache na miche yake.

Ndugu yako,
Walubengo

*

Bungoma,
27 Februari 1955

Walubengo mwana wa mama,

Nakusalimu kwa moyo unaopiga vibaya. Lenah apone. Leo sitaandika mengi ya salamu, nisamehe.

Kaka, umesahau kanisa? Tulipolihamisha kutoka Kimilili kuja Mabanga, nani aliyeandika namba kwenye kila boriti na kila bati? Ni wewe! Mchungaji alisema, "Andika vizuri, ili tukifika tujue kipi kinashikana na kipi." Bolti nazo tulizipaka mafuta ya nyama zifunguke bila kuvunjika. Mali ya kukaa inahesabiwa nzima nzima, mashine moja, mashine mbili. Ukianza kuandika namba kwenye mguu peke yake na gurudumu peke yake, unataka kuifungua na kuifunga pengine.

Na kuhusu kutumaini: mimi namtumaini Mungu. Mtu mwenye mashine namtaka aweke sahihi.

Njoo. Hata siku mbili tu. Jembe la baba nimelitia mpini mpya, liko nyuma ya mlango wangu. Mbegu ninazo.

Dada yako,
Rispah

*

Bungoma,
Jumanne, 15 Machi 1955

Ndugu yangu,

Hujanijibu wiki mbili. Naomba iwe ni posta tu.

Leo asubuhi nimempelekea Baba Nekesa uji stesheni. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama kuchukua maji, imeelekea Uganda. Mabehewa saba hayakuwa na paa, yamefunikwa turubai, na upepo ulikuwa umefunua moja. Niliona vyuma. Niliona namba nyeupe. Nikasogea karibu mpaka askari akanifokea, "Wewe mama, toka hapo!"

Walubengo, naijua saba yako. Ina mkia kama jembe, vile vile ulivyoiandika kwenye boriti ninayoitazama kila Jumapili. Nilisoma 417. Nilisoma 370. Nikaketi chini palepale, uji ukamwagika.

Baba Nekesa aliuliza watu wa treni. Wamesema mzigo ni wa Jinja.

Usiulize mtu ruhusa. Panda basi leo hii unapoisoma barua hii. Ijumaa lala kwangu, Jumamosi alfajiri tutakwenda pamoja Mabanga. Shamba bado ni lako mpaka Jumamosi. Nakuomba kwa magoti yote mawili, hata hili bovu.

Dada yako,
Rispah

*

Kitale,
Jumanne, 15 Machi 1955

Kwa dada yangu mpendwa Rispah,

Mulembe. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema. Lenah amepona kabisa, anaimba jikoni ninapoandika.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Maneno yako ya kanisa yaliniudhi kidogo, nikaona ningoje hasira ishuke. Imeshuka. Tangu Ijumaa tumepewa likizo ya wiki mbili, wote pamoja, boila inasafishwa. Kila mtu amepewa blanketi jipya na sukari ratili mbili. Hivi ndivyo wanavyofanya watu wanaotaka kuondoka? Tumekatazwa kusogea getini, ati kuna dawa kali za kusafishia.

Nilifikiria kutumia likizo hii kuja kulima. Kisha nikasema, ya nini kugombana na mtoto wa baba mdogo kwa ekari mbili, na mimi nina kazi? Kwa hiyo nimewaandikia wazee kwamba shamba nimempa Wepukhulu kwa moyo mweupe, wala wasingoje Jumamosi. Nimetia sahihi na dole gumba. Jirani yangu anasafiri kwa basi la kesho, ataifikisha mkononi mwa liguru kabla ya jua kuchwa. Najua utakasirika, lakini utaona nilifanya vyema.

Usiwe na wasiwasi, dada. Hapa mlangoni pangu kwenye lokesheni ya wafanyakazi siioni sehemu nyingine ya kiwanda, ila naliona lile bomba kubwa la matofali. Wiki hii halitoi moshi, lakini lipo. Kila nikiamka nalitazama. Lipo.

Ndugu yako akupendaye,
Walubengo