Vipofu Wawili wa Jarida Moja

Jumatatu, 6 Mei 2024

Mkuu wa idara ametuita ofisini. Cheo cha chef de travaux kimefunguka — kimoja tu! Atakayeleta kwanza makala iliyokubaliwa na jarida, ndiye. Mwenye mikono mitupu abaki assistant, mhadhiri msaidizi. Mimi ni assistant tangu nywele zikiwa nyeusi. Wanafunzi wangu wa zamani ni wabunge. Mimi bado natafuta chaki. Tunaogombea ni mimi na Dominique, kijana wangu wa ofisi ya jirani, anayetia "n'est-ce pas", yaani "sivyo?", kila mahali, hata kwenye rambirambi. Mkuu akasema utafiti ndio moyo wa chuo. Moyo! Maktaba yetu imefungwa tangu mwaka jana. Ufunguo umepotea.

Alhamisi, 9 Mei

Jibu la jarida limekuja. Makala yangu juu ya Kiswahili cha soko la Kasongo irekebishwe upya. Mkaguzi asiye na jina anasema mwandishi haijui Kasongo, aende kwanza akawasikilize wenyeji. Mwenyeji ni mimi! Kitovu changu kimezikwa hapa nyuma ya msikiti! Nikamweleza Latifa, mke wangu, kwamba ndiyo desturi yao, "double aveugle": mkaguzi hamjui mwandishi, mwandishi hamjui mkaguzi. Akacheka mpaka akakaa chini.

— Vipofu wawili, Papa Yassine? Sasa nani atamushika mwenzake mukono?

Nikasoma maoni yale tena. "Mifano hii, n'est-ce pas, inashangaza." Loo! Dominique! Nyoka wa majani mabichi!

Jumatatu, 13 Mei

Mungu hana haraka. Jarida lilelile linaniomba mimi nikague makala: majina ya samaki kwa wachuuzi wa Nyangwe. Mwandishi hatajwi. Sentensi ya kwanza: "Inafaa, n'est-ce pas…" Nimecheka peke yangu kama kichaa. Jarida la kimataifa! Kumbe dunia yao nzima ni watu wawili wa Kasongo. Nanoa kisu.

Jumatano, 15 Mei

Nilianza na marejeo. Dominique amemtaja Dominique, halafu Dominique, halafu Dominique na wenzake. Wenzake gani? Utangulizi mrefu kama hotuba ya gavana. Tamu kabisa — kisu kikakata.

Kisha nikafika kwa wachuuzi. Samaki aliyelala tangu jana, anaandika, wale mama wanamwita "shemeji": unamsifu kwa sauti kubwa ili aondoke upesi. Nikacheka. Ukurasa uliofuata nikacheka tena. Huyu mutu alikaa nao kweli, mvua ikimnyeshea! Mimi nimekula samaki wa Nyangwe maisha yangu yote, na nilichojifunza ni miiba tu. Makala nzuri. Inaudhi sana.

Jumapili, 19 Mei

Nimekutana na Dominique akitoka Wamaza kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. "Grand!" — ndivyo anavyoniita, kaka mkubwa. Akalalamika: mkaguzi wake kanyamaza, bila shaka ni mzee fulani wa Kinshasa mwenye wivu. (Wivu, ndiyo. Kinshasa, hapana.)

— Na mimi walinipa ya kukagua, Grand. Mutu wa mbali, n'est-ce pas, anajifanya anajua Kasongo! Nikamukata vizuri.

Hakujua! Si nyoka hata kidogo. Alisoma kurasa zangu zote na, kwa moyo safi, akaona zimeandikwa na mgeni. Afadhali angekuwa nyoka.

— Ulifanya vizuri, nikamwambia.

Latifa hana huruma: umukatae, cheo ikuwe yako. Akipita yeye, utamuomba ruhusa hata ya kwenda matanga.

Ijumaa, 24 Mei

Niko kwa Aganze, mnunuzi wa dhahabu anayetuuzia internet. Leo ndiyo mwisho wa kutuma hukumu. Makala yangu nimesharekebisha na kuituma; Dominique akikataliwa, nakimbia mbio hizi peke yangu. Nimeandika "Ikataliwe" na sababu chini yake — za kisomi, zimepangika vizuri, zote za uongo. Ingekuwa imeshakwenda, réseau ya internet ikakatika.

Na nani anaingia? Dominique. Amevuta kiti mpaka kwangu. Nimegeuza kompyuta ukutani. Hakutania leo. Mkewe Jeanine, anasema, ameacha kumuuliza habari za cheo, na hiyo ni mbaya kuliko kuuliza.

— Grand, wewe ulinifundisha kazi hii. Soma, uniambie kweli. Kama ni bure niache.

Kanikabidhi kurasa zilezile. Nikasoma kama sijaziona. Pale pa shemeji nikacheka, sikuweza kujizuia. Akashtuka, akanitazama usoni.

Nimemwambia angoje kidogo, naandika maoni yangu. Kumbe naandika haya humu daftarini. Aganze amepiga kelele kutoka mlangoni: réseau imerudi! "Ikataliwe" bado iko kwenye kompyuta, inangoja kidole changu.

— Grand, unaandika mingi hivi… yote ni mabaya?